Wimbo wa Kanga na Kokoto za Pelele

Paukwa!

Pakawa.

Mnaitikia kama watu walioamshwa kwenda shambani. Nimesema, paukwa!

Pakawa!

Afadhali. Lakini mikono isisimame, mahindi hayo hayajipukuchui yenyewe. Mrisho, tia gunzi jingine motoni. Sihaba, toka kwenye moshi, utalia machozi halafu useme ni hadithi yangu.

Haya. Kale hiyo, kale ya wazee wa wazee wetu, palikuwa na jabali kubwa katikati ya mbuga ya nyasi ndefu. Juu ya jabali aliishi Pelele. Chini ya jabali, ndani ya shimo, aliishi Nungunungu. Na pembeni, kwenye vichaka, aliishi Kanga na watoto wake. Hao watatu walikuwa marafiki.

Pelele mnamjua? Yule mfupi wa kwenye mawe, hana mkia.

Sihaba anasema anafanana na panya. Ni kweli, anafanana na panya aliyekula vizuri, ila mwenyewe usimwambie.

Pelele huyu alijaliwa kitu ambacho mimi na nyinyi hatuna. Aliweza kulitazama jua la saa sita mchana bila kupepesa. Sasa mkumbuke kwamba Kipanga, mla vifaranga, alikuwa na ujanja wake. Hakuja kutoka mashariki wala magharibi. Alikuja kutoka ndani ya jua, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kwenda. Lakini jicho la Pelele lilikwenda. Akimwona tu alipiga mluzi, na Kanga na watoto wake, popote walipokuwa kwenye nyasi, walikimbilia pangoni chini ya jabali. Kipanga alirudi na kucha tupu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Pelele: kukaa juu na kutazama. Alikuwa anaipenda, na alipenda zaidi kushukuriwa kwa ajili yake. Ila ni kazi ya kuchosha. Mtu anayetazama mbingu siku nzima hutafuta kitu cha kufikiri.

Mrisho anauliza Kanga alikuwa na watoto wangapi. Hilo ndilo lililoleta taabu yote, mwanangu. Subiri.

Kanga hakuwahesabu watoto wake. Ukoo wa kanga wote ulikuwa na mwiko huo. Mtoto hanyooshewi kidole akaitwa mmoja, wawili, watatu, kwa sababu jumla ikishatamkwa, jicho baya linajua la kupunguza. Hata hapa kwetu, mwulizeni mama yenu mbele ya wageni ana watoto wangapi. Atasema ni hawa hawa mnaowaona. Kwa hiyo Kanga akiulizwa wako wangapi, alijibu neno moja. Alijibu, "Wapo."

Na kila asubuhi akienda nao kisimani, na kila jioni akirudi, aliongoza mbele akiimba. Nyasi zilikuwa ndefu kupita kichwa chake. Huko juu ya jabali Pelele hakuwaona, aliona nyasi zikitikisika tu na kuusikia wimbo:

*Wa kwanza ana wanne nyuma,*
*wa mwisho ana wanne mbele,*
*wa katikati ana wawili huku, wawili kule.*
*Twende, twende, hatujapungua.*

Imbeni nami. Na magunzi yafuate mdundo. Vizuri.

Basi asubuhi moja Pelele yuko juu ya jabali, Nungunungu yuko kwenye mdomo wa shimo lake anapiga miayo. Nungunungu kwa desturi mchana hulala, lakini panapokuwa na ubishi hulala baadaye. Kanga akapita chini akiimba. Wa kwanza ana wanne nyuma, wa mwisho ana wanne mbele.

Nungunungu akasema kwamba rafiki yao huyu ana watoto wengi mno, kumi na watano. Pelele akamwuliza kawatoa wapi wote hao. Nungunungu akaeleza, pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto kula. Wanne wa nyuma na wanne wa mbele ni wanane. Wawili wa huku na wawili wa kule, wamekuwa kumi na wawili. Ongeza wa kwanza mwenyewe, wa mwisho mwenyewe na wa katikati mwenyewe. Kumi na watano.

Pelele akacheka mpaka akajishika tumbo. Akashuka kidogo, akaokota kokoto tano, akazipanga juu ya jiwe kwa mstari. Akagusa ya kwanza: nyuma yake ziko nne. Akagusa ya mwisho: mbele yake ziko nne. Akagusa ya katikati: mbili huku, mbili kule. Hao wanne ni wale wale, akasema, wanatazamwa kutoka huku na kutoka kule. Watoto ni watano.

Nungunungu alizitazama kokoto kwa muda mrefu. Alijua ameshindwa, na hakuipenda hali hiyo. Akasema wakamwulize mwenyewe. Kanga aliporudi kutoka kisimani wakamwuliza, rafiki yetu, watoto wako ni wangapi?

Kanga akasema nini?

Wapo.

Akasema, "Wapo," akapita zake.

Hapo wakawekeana dau, kwa mzaha tu. Pelele akishinda, Nungunungu atamchimbia viazi vya porini msimu mzima. Nungunungu akishinda, atalala juu ya jiwe la Pelele lile linalopata jua la asubuhi. Wakapeana mikono. Pelele alirudi juu akiwa na furaha, kwa kuwa viazi alikuwa anavipenda na kuvichimba hakuweza.

Siku ya pili Kanga akapita tena. Wa kwanza ana wanne nyuma, wa mwisho ana wanne mbele. Nungunungu alikuwa amekosa usingizi akilitafuta kosa la Pelele, na alikuwa amelipata, au aliona amelipata. Akamwuliza Pelele anayeimba ni nani. Pelele akajibu ni Kanga. Akamwuliza anayetangulia njiani ni nani. Pelele akajibu ni Kanga pia.

"Basi wa kwanza ni Kanga," Nungunungu akasema. "Na wewe umemhesabu mama kuwa mtoto wa nani?"

Pelele akageukia jiwe lake. Kokoto tano zilikuwa bado pale kwenye jiwe. Akaitazama ile ya kwanza na kwa mara ya kwanza ikamwonekania kubwa kuliko nyingine, ina madoadoa. Kama wa kwanza ni mama, watoto ni wanne. Ilimuuma. Lakini Pelele alikuwa mwerevu, na mwerevu hapendi kukutwa na jibu la jana. Akasema kwa utulivu kwamba hata yeye alikuwa anakusudia kusema hivyo, watoto ni wanne, na mama ni wa tano.

Nungunungu naye hakukubali kubaki bila upande. Kumi na watano yake ilikuwa imekwisha kufa, kwa hiyo akaichukua ile tano iliyoachwa na Pelele. Akasema la hasha, mama haimbi habari zake mwenyewe, watoto ni watano. Basi wakabishana hivyo mchana kutwa, kila mmoja akitetea jibu ambalo jana lilikuwa la mwenzake au halikuwa la mtu.

Mrisho anacheka. Wewe na dada yako mlibishana juzi juu ya nani alikula mwisho wa ubwabwa, na katikati mlibadilishana. Nilikuwepo.

Kanga aliporudi wakamwuliza tena, rafiki yetu, watoto wako ni wangapi?

Wapo.

Akasema, "Wapo." Ila siku hiyo alisimama kidogo. Akamwambia Pelele kwamba amemwona akitazama chini wakati yeye anapita. Pelele akasema alikuwa anatazama juu, ilikuwa kufumba na kufumbua tu. Kanga akapita zake. Ni rafiki yake, na rafiki humfanyii usimamizi.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Sihaba, acha kupukuchua kidogo, sikiliza.

Siku ya tatu Pelele aliamka na hoja mpya. Alikuwa ameokota kokoto nyingine usiku, moja kubwa yenye madoadoa ya kuwa mama, na ndogo za kuwa watoto. Jua lilipopanda akazipanga juu ya jiwe. Akamweka mama mbele, akaimba ule wimbo kimoyomoyo, ukakubali. Akamtoa mama, akaongeza mtoto, akaimba, ukakubali vilevile. Hilo lilimsumbua sana. Akainama. Akapanga upya. Huko chini Nungunungu alikuwa akimtania kwamba kokoto zake zinataga. Na jua lilipoanza kuteremka, huko kwenye nyasi Kanga alikuwa anarudi kutoka kisimani, wimbo ukisikika kwa mbali.

Kivuli kikapita juu ya kokoto.

Pelele alikiona kwenye jiwe kabla ya kumwona mwenye kivuli. Akainua kichwa, akapiga mluzi, lakini ulikuwa mluzi wa mtu aliyechelewa, na wakati huo Kipanga alikuwa ameshatoka ndani ya jua na yuko chini, juu ya nyasi kabisa. Wimbo ukakatika. Nyasi zikatikisika kila upande.

Kisha Kanga akatokea mbio kwenye uwazi, mbawa chini, na vifaranga nyuma yake. Wakaingia pangoni. Pelele akaruka akasimama mlangoni, akawanyooshea kidole wakipita. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Nyasi zikatulia. Kipanga akapanda tena angani, kucha tupu.

"Wametimia," Pelele akasema. "Wote wanne wameingia."

Na nitawaambia ukweli, kwa sababu hadithi isiyosema ukweli ni porojo. Kilichoingia kwanza moyoni mwa Pelele hakikuwa huruma. Ilikuwa nafuu, kwa kuwa kosa lake halikuzaa kitu. Na nyuma ya nafuu ikaingia furaha ndogo: wanne. Ameshinda dau. Akamwambia Nungunungu aje azibe mlango kwa miiba yake, Kipanga asirudi.

Nungunungu akaja, akageuza mgongo, akatandaza miiba mlangoni. Pango likawa giza. Kanga hakumgombeza Pelele kwa kile kidole, ingawa alikiona. Aliwakusanya watoto chini ya mbawa, akawapanga mstari kwa mdomo wake mmoja mmoja kama njiani, kisha akaanza kuimba pole pole.

*Wa kwanza ana wanne nyuma.*

Na hapo Pelele akasikia jambo ambalo juu ya jabali, kwa umbali ule, hakuwahi kulisikia. Kifaranga wa kwanza aliitika. Kwa sauti nyembamba ya mazoea, bila hata kugeuka, alisema, "Ninao."

Kumbe wimbo ulikuwa na waitikiaji.

*Wa mwisho ana wanne mbele.*

Kifaranga wa mwisho akafungua mdomo. Akasita. Akatazama mbele yake.

*Wa katikati ana wawili huku, wawili kule.*

Kisha kifaranga wa katikati, ambaye huwa anageuka kweli kweli, akageukia huku, akageukia kule, akasema, "Huku wawili. Kule mmoja."

Imbeni pole pole hapo. Hapana, msiimbe. Nyamazeni.

Kanga hakupiga kelele. Alimwuliza yule wa mwisho kwa upole aliyekuwa mbele yake yuko wapi. Mtoto akajibu kwamba alichomwa na mwiba mguuni huko njiani, alikuwa anachechemea, na walipokimbia yeye alikimbia akampita. Akasema alidhani anakuja.

Pelele alisimama gizani na kile kidole chake. Aliona aibu, na aibu yake haikuhusu dau. Wimbo aliougeuza siku tatu juu ya jiwe, akimtoa mama na kumrudisha, haukuwa fumbo hata kidogo. Ulikuwa kazi, kama mluzi wake ulivyokuwa kazi. Kila mtoto aliwatazama wenzake akawasema, na kwa kuwa hakuna aliyejihesabu mwenyewe, jumla haikutamkwa na mwiko haukuvunjwa. Na akipungua mmoja, wimbo ulionyesha amepungua upande gani. Kokoto hazina mtu wa kuitika. Angeuliza tu, mara moja, rafiki yangu, wimbo huu unauimbia nini, angeambiwa.

Akasema maneno matatu tu. Alisema, "Mimi nitakwenda juu."

Nungunungu akamkumbusha kwamba huko juu hakuna pa kujificha, na Kipanga leo ana njaa. Pelele alijua. Akasema watoto wabaki ndani kabisa, Nungunungu atoke na Kanga, atandaze miiba, na Kanga atembee chini yake. Mluzi mrefu ni kusimama, mluzi mfupi ni kutembea. Nungunungu, ambaye kwa kawaida angebisha hata hilo, hakubisha.

Pelele akapanda. Alipofika kileleni akazipiga teke kokoto zote, zikaanguka zikilia chini ya jabali. Akainua kichwa akalitazama jua, katikati yake, pale panapochoma. Yule pale. Doa dogo jeusi ndani ya mwanga, limetulia, linasubiri.

Mluzi mfupi. Huko chini nyasi zikaanza kutikisika, miiba ikichomoza juu yake. Mluzi mfupi. Doa likakua. Mluzi mrefu. Nyasi zikasimama. Kipanga akashuka, akaona miiba imesimama kama ukuta, akapanda tena. Mluzi mfupi. Mluzi mfupi. Wakafika kwenye kichaka. Kifaranga alikuwa ameketi chini ya majani, mguu mmoja ameukunja, ametulia kimya kama alivyofundishwa. Hakulia mpaka alipomwona mama yake, hapo akalia sana.

Wakaanza kurudi, mtoto katikati ya mama na miiba. Na Kipanga hakuwa mjinga. Alichoka kuitazama miiba, akamtafuta anayepiga mluzi.

Pelele alimwona akigeuka. Alimwona akishuka, safari hii akimjia yeye. Kama angeingia kwenye ufa wakati ule ule asingeguswa. Lakini wenzake walikuwa bado hatua chache kabla ya mlango, na hatua chache ni nyingi kwa mwenye mwiba mguuni. Akaendelea kutazama. Mluzi mfupi. Mluzi mfupi. Wakaingia. Ndipo Pelele akajitupa kwenye ufa, na kucha ya Kipanga ikamkwangua mgongoni katikati.

Mkimwona pelele leo, tazameni mgongo wake. Pana kiraka cha manyoya ya rangi nyingine, hayafanani na mengine. Ndipo hapo. Aliwapa watoto wake na wajukuu wake.

Mrisho anauliza kama alikufa. Nimekwambia aliwapa wajukuu wake, atakufaje kwanza?

Akashuka pangoni kwa ndani, mgongo ukiwaka moto. Kanga alikuwa ameshautoa mwiba kwa mdomo wake na kumrudisha mtoto kwenye mstari, mahali pake, kabla ya yule wa mwisho. Akaanza kuimba.

*Wa kwanza ana wanne nyuma.*

Safari hii wa kwanza akageuka nyuma kwanza, akatazama. "Ninao."

*Wa mwisho ana wanne mbele.*

"Ninao."

*Wa katikati ana wawili huku, wawili kule.*

"Ninao."

Pelele alingoja ule mwisho, twende twende hatujapungua. Haukuja. Kanga akaongeza mstari ambao haujawahi kuwepo:

*Na wa juu ya jabali, anao?*

Pango lilikuwa giza, na macho ya Pelele yaliyozoea jua hayakuona vizuri. Ikabidi asogee, ainame, amtazame kila mmoja usoni: yule mwenye haraka, yule mpole, yule anayegeuka kweli kweli, yule wa mwiba, yule aliyempita mwenzake na sasa amemshika bawa. Hakunyoosha kidole.

"Ninao," akasema.

Wakaimba mwisho wote.

Nungunungu alikuwa ameketi mlangoni, usingizi umemshika sasa, maana alikuwa na siku tatu hajalala. Lakini Nungunungu ni Nungunungu. Akageuza kichwa akauliza, hivi sasa, ili tujue na dau letu, ni wanne au ni watano?

Kanga akamtazama Pelele. Pelele ndiye aliyejibu.

Akasema nini, wanangu?

Wapo.

Akasema, "Wapo." Na kesho yake alfajiri alimwachia Nungunungu lile jiwe la jua la asubuhi, akapanda juu zaidi, pasipo na kokoto.

Mnachotakiwa kubaki nacho ni hiki. Kabla hujabishana juu ya wimbo wa mtu, mwulize anauimbia kazi gani. Na ukikabidhiwa macho ya wenzako, usiyashushe kwa ajili ya mchezo, hata mchezo wenyewe uwe mtamu.

Hadithi yangu imeshafika pangoni, imelala. Fagieni punje hizo, magunzi wekeni kwenye kapu. Na kabla ya kwenda kwenye mkeka, semeni wenyewe, mimi sihesabu. Sihaba, huku kwako nani? Mrisho, kule kwako nani? Geuka kwanza, mwanangu, utazame, ndipo uniambie.